Sahani ya Kihaiti Ugenini: Miami, Brooklyn au Montreal?

Wasafiri wengi wanaoonja chakula cha Haiti siku hizi hawaonjei Haiti kwenyewe. Novemba 2024 ndege za abiria za Marekani zilipigwa risasi zikiwa Port-au-Prince, mashirika ya ndege ya nchi hiyo yakasitisha safari za huko, na magenge yenye silaha yameshika sehemu kubwa ya mji mkuu. Mapishi ya Wahaiti sasa msafiri anayakuta kule walikohamia wenyewe: Little Haiti ya Miami, Flatbush ya Brooklyn, na vitongoji vya Saint-Michel na Montréal-Nord mjini Montreal. Ni miji ambayo Waswahili wengi wanapita, wakimfuata ndugu, mkutano au masomo. Tuangalie basi mtu mwenye fedha za kuhesabu ale wapi, ale nini, na ale saa ngapi.

Ninapoegemea nipaseme mapema. Katika chakula cha Kihaiti, fedha nyingi unazoongeza unapohama kutoka kaunta kwenda meza yenye kitambaa zinalipia kiti, muziki na kuhudumiwa. Mkono unaopika mara nyingi ni ule ule. Vipo vyakula viwili vitatu vinavyostahili meza, nitavitaja. Vingine vyote nunua kaunta.

Tuanze na bili, kwa sababu wageni wengi hushtukia hapo. Bei ya kwenye menyu Marekani na Kanada haina kodi ndani yake. Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, sahani iliyoandikwa 20. Kodi ya mauzo Miami ni asilimia 7, New York ni asilimia 8.875, na Montreal zipo mbili, ya shirikisho asilimia 5 na ya Quebec asilimia 9.975. Ukifungiwa chakula na kuondoka, utalipa dola 21.40 Miami, 21.78 New York, na 23.00 za Kanada Montreal. Ukikaa mezani, bakshishi inaingia. New York desturi ni kama asilimia 20, jumla ikawa 25.78. Montreal asilimia 15 inakubalika bila mtu kukukunjia uso, ikawa 26.00. Miami migahawa mingi huiweka yenyewe kwenye bili, mara nyingi asilimia 18 au zaidi, ikawa 25.00 kamili.

Kwa macho Montreal inaonekana ghali. Lakini 26 hizo ni dola za Kanada, na kwa viwango vya karibuni hazifiki 20 za Kimarekani. Anayebeba fedha za Marekani, au anayelipa kwa kadi ya benki ya nyumbani, akumbuke hilo kabla ya kulinganisha bei kwa macho matupu.

Miami ina mtego mmoja ambao umewala wengi. Ada ya huduma imeshaongezwa kwenye bili, kisha mashine ya kadi inakuletea tena kitufe cha asilimia 18, 20 au 22. Asiyejua hubonyeza akidhani hajatoa kitu, na analipa bakshishi mara mbili. Sheria ya Florida inautaka mgahawa unaoongeza ada hiyo wenyewe uiseme kwenye menyu, kwa hiyo isome menyu mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo. Kaunti ya Miami-Dade ina pia kodi nyingine ya asilimia 1 kwa sehemu kubwa za kula zenye leseni ya pombe, kwa ajili ya wasio na makazi na waathirika wa ukatili wa majumbani. Ukiiona kwenye risiti, si wizi. Quebec wao wamemlinda mlaji kwa njia yao: tangu Mei 2025 mashine inatakiwa kupendekeza bakshishi kwa hesabu ya bei kabla ya kodi. Kwingine mashine nyingi hupiga hesabu juu ya jumla yenye kodi, na senti hizo hukusanyika kwa siku za safari.

Sasa chakula chenyewe. Ukiingia kwenye kaunta ya Kihaiti utakuta trei za moto nyuma ya kioo, mama amesimama na kijiko kirefu, na ubao wa vyakula ukutani. Ubao huo usiutegemee sana. Unataja vyote vinavyoweza kupikwa hapo, si vilivyopo leo. Salimia kwanza, bonjou kabla ya adhuhuri na bonswa baada ya hapo, umwite madanm, kisha uliza: kisa ou genyen jodi a, leo una nini? Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaojua Kifaransa watapita bila shida, hasa Montreal. Wakongo wana jambo jingine pia la kuzungumza na wazee wa Kihaiti, kwa kuwa miaka ya 1960 walimu na madaktari wengi wa Haiti walikwenda kufanya kazi Congo iliyokuwa imetoka kupata uhuru. Ukilitaja hilo, umepata mwenyeji.

Sahani ya kawaida ina vitu vitatu: nyama, wali na ndizi, pamoja na kikopo cha pikliz, achari kali ya kabichi. Bei inapanda kwa kufuata nyama. Kwa kawaida kuku yuko chini, wa kukaanga au wa mchuzi. Juu yake kuna griot, yaani nguruwe, na bata mzinga wa kukaanga. Kisha mbuzi, kisha mkia wa ng'ombe, ambao bei yake imepanda sana kote Amerika ya Kaskazini. Samaki mzima na lambi, yule konokono wa baharini, ndio wa juu kabisa. Ngazi hiyo ukiijua, huhitaji kukodolea macho ubao.

Sahani ya Kihaiti ya mtu mzima ni kubwa. Wawili wenye njaa ya kawaida wanashiba kwa sahani moja kubwa wakiongeza ndizi za pembeni, na kaunta haimshangai mtu anayeomba uma wa pili. Mezani jambo hilo ni gumu zaidi, kwani sehemu nyingine hutoza sahani ya kugawana. Kwa familia yenye watoto, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Griot ndiyo kipimo cha jikoni. Vipande vya bega la nguruwe huoshwa kwa ndimu, vikalazwa ndani ya epis, kile kiungo cha kusaga cha kitunguu saumu, majani ya vitunguu, kotmiri na pilipili, pamoja na maji ya danzi. Vinachemshwa mpaka vilainike, ndipo vinakaangwa. Griot nzuri ina ganda la kahawia iliyoiva, na ukiichana kwa uma nyama inaachana kwa nyuzi, bado ina unyevu, na harufu ya danzi inakufikia kabla hujaitia mdomoni. Iliyokaa kwenye trei tangu adhuhuri mpaka jioni huwa kavu, unaitafuna mpaka taya zinachoka. Ndiyo maana saa ni muhimu kuliko jina la mgahawa. Fika kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, mafuta yakiwa bado yanachemka, na ukiona trei imebaki vipande vya pembeni, uliza kama ipo nyingine inatoka. Kungoja dakika kumi kunakupa chakula tofauti kabisa kwa bei ile ile.

Ndizi nazo zina saa yake. Bannann peze ni ndizi mzuzu mbichi, hukatwa, hukaangwa, hubanwa ziwe bapa, hutoswa kwenye maji ya chumvi, kisha hurudishwa mafutani. Zikiwa za moto zinavunjika kwa sauti. Baada ya nusu saa ndani ya boksi lililofungwa zinakuwa ngozi. Ukifungiwa, omba ndizi ziwe kwenye mfuko wa karatasi peke yake, mbali na mchuzi. Pikliz iombe pia pembeni: ni achari ya kabichi na karoti katika siki, na pilipili mbuzi imo ya kutosha. Kikopo kimoja kwa kawaida ni bure. Cha pili uliza kwanza.

Kwa msomaji Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, hapa nataka kusema bila kupindapinda. Kukwepa griot peke yake hakutoshi. Sehemu nyingi mafuta yanayokaanga nguruwe ndiyo yanayokaanga ndizi, kuku na bata mzinga. Wapo wapishi wanaotia kipande cha nguruwe wa chumvi kwenye wali wa maharagwe au kwenye sòs pwa, ule mchuzi mzito wa maharagwe. Legim, mseto wa biringanya, kabichi na chayote uliopondwa, mara nyingi una ng'ombe au kaa ndani, hata ukionekana wa mboga tupu. Uliza mambo matatu: mafuta ni ya pamoja? Wali una nguruwe? Nyama imetoka kwa mchinjaji halali? Wahaiti hawaoni tabu kuulizwa, na mama wa kaunta ndiye anayejua jibu, kuliko mhudumu wa mezani anayelazimika kwenda kuuliza jikoni. Majibu yasipokuridhisha, samaki wa mchuzi na wali mweupe hukaa mbali na kikaango. Zipo pia sehemu za Kihaiti zisizopika nyama kabisa, na huko mbaazi, legim ya mboga na ndizi za kuchemsha hukuondolea wasiwasi wote.

Kuhusu wali, utapewa uchague. Wali mweupe pamoja na sòs pwa, au diri kole ambao umepikwa na maharagwe, bei huwa moja. Diri djon djon, ule mweusi, mara nyingi huongezewa dola kadhaa, na hapo mlaji ana haki ya kuuliza. Djon djon ni uyoga mdogo mweusi unaokaushwa, wa kaskazini mwa Haiti. Hulowekwa, maji yake yakawa meusi kama wino, uyoga wenyewe ukachujwa, na maji hayo ndiyo yanayopikia wali pamoja na njegere na karafuu. Uyoga huo ni ghali hata sokoni. Lakini Maggi inatengeneza kidonge cha djon djon, na jikoni nyingi hutumia hicho, peke yake au kuongezea uyoga kidogo. Sina ugomvi na kidonge. Nina ugomvi na kutozwa bei ya uyoga kwa wali wa kidonge. Wali wa uyoga halisi una harufu ya udongo uliopata mvua na rangi isiyolingana, punje nyeusi kabisa karibu na nyingine ya kijivu. Wa kidonge ni wa rangi moja na chumvi inatangulia. Uliza tu: uyoga au Maggi? Anayetumia uyoga atakujibu kwa fahari.

Vyakula vinavyostahili meza, kwa maoni yangu, ni lambi na samaki mzima. Lambi ni konokono mkubwa wa baharini, anayepondwa kwa nyundo mpaka alainike, kisha akapikwa kwa mchuzi wa nyanya na pilipili au kukaangwa. Ana sababu ya kuwa ghali. Biashara yake ya kimataifa imo chini ya mkataba wa CITES tangu 1992, na Florida imepiga marufuku kumvua katika maji yake tangu miaka ya 1980, kwa hiyo anayeliwa Miami ametoka nje ya nchi. Akiwekwa kwenye trei kwa muda wa saa mbili anakuwa mpira. Apikwe umekaa, aletwe akitoka moshi. Samaki mzima hali kadhalika, na bei yake mara nyingi haijaandikwa kwa kuwa inafuata ukubwa. Mwambie mhudumu akutajie bei kabla samaki hajaingia mafutani, si baada.

Asubuhi ndiyo nafuu ya msafiri ambayo wengi hawaijui. Maduka ya Kihaiti ya kuoka mikate hufungua mapema na kuuza pate: vitafunio vya unga wa tabaka tabaka, ndani kuna nyama ya ng'ombe, kuku au samaki wa chumvi. Viwili na kahawa vinakufikisha mchana kwa sehemu ndogo ya bei ya sahani. Anayetaka kushiba kabisa atafute mayi moulen, uji mzito wa unga wa mahindi pamoja na mchuzi wa maharagwe, au maini na ndizi za kuchemsha. Na usishangae ukikuta tambi kwenye menyu ya asubuhi. Wahaiti huzila kwa kifungua kinywa.

Wikiendi kuna supu, na hapo sitaki mtu abane fedha. Jumapili sehemu nyingi hupika soup joumou, supu ya boga yenye ng'ombe, viazi, karoti, kabichi na tambi. Wahaiti husimulia kwamba wakati wa utumwa watu waliolima na kupika boga hilo hawakuruhusiwa kuila supu yake, na kwamba 1 Januari 1804, siku Haiti ilipotangaza uhuru, waliila wote. UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021. Bakuli ni mlo kamili, kwa kawaida kwa bei iliyo chini ya sahani ya nyama, na hakuna kitu kwenye menyu kinachokupa zaidi kwa dola uliyotoa. Jumamosi, siku ya bouyon, mchuzi wa nyama na mihogo, magimbi na mandazi ya kuchemsha, nayo inakaribia thamani hiyo.

Vinywaji vipitie haraka. Ndipo mgahawa wa mezani unapopata faida yake, na glasi mbili za rumu ya Barbancourt zinaweza kukaribia bei ya chakula. Kwenye kaunta chukua juisi ya stafeli au pesheni kama imekamuliwa hapo hapo. Soda ya Couronne ni tamu mno kwa ulimi wangu, lakini watoto huipenda.

Kuhusu miji yenyewe, Brooklyn ndiyo rahisi kufika. Treni za 2 na 5 zinakuteremsha kituo ambacho tangu 2021 kinaitwa Newkirk Avenue–Little Haiti, kwa nauli ya takribani dola 3, na ukitoka nje umeshafika. Kaunta zimekaribiana, kwa hiyo unaweza kutazama trei za sehemu tatu kabla hujafungua pochi. Herufi ya usafi ya idara ya afya imebandikwa dirishani: A ndiyo bora. Ukiona chakula cha trei hakitoi mvuke, achana nacho hata kama herufi ni A, kwani kanuni za jiji zinataka chakula cha moto kikae kwenye nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Beba fedha taslimu, maana baadhi ya kaunta hazipokei kadi au huongeza ada kwa anayelipa kwa kadi.

Montreal inamfaa anayezungumza Kifaransa na mwenye muda. Metro ya bluu inafika Saint-Michel, halafu ni kutembea au basi. Wahaiti wapo mji huo tangu miaka ya 1960, walipokimbia utawala wa kidikteta wa Duvalier, na kuna jikoni zilizopikia vizazi vitatu. Kwa thamani ya fedha, mji huu unaishinda Brooklyn. Kwa wingi wa kuchagua kwa miguu, Brooklyn inaushinda.

Miami kuna samaki na lambi wa kuaminika kuliko kwingine, lakini ndipo msafiri anapoliwa fedha kirahisi zaidi. Hoteli ziko ufukweni, chakula cha "Karibea" cha ufukweni kina bei ya ufukweni, na teksi ya kwenda Little Haiti na kurudi inaweza kuzidi gharama ya mlo. Dawa ipo: mabasi ya jiji yaitwayo trolley ni ya bure, na njia mojawapo inapita Little Haiti. Ukishakuwa upande wa bara, ndani ya jiji la Miami, lipande hilo.

Na uende mapema katika safari yako, usiache mpaka siku ya mwisho. Jiji la Miami lilikitambua rasmi kitongoji hicho kwa jina la Little Haiti mwaka 2016, na mwaka 2019 likaidhinisha mradi mkubwa wa majengo uitwao Magic City ndani yake. Ardhi ya hapo iko juu kuliko ufukwe, wenye fedha wanaitaka, kodi za pango zinapanda, na wenyeji wengi wamehamia North Miami na mbele zaidi. Kaunta ya Kihaiti haina mwekezaji nyuma yake. Ina wateja wa mchana. Ukiwa na dola 25 za kula siku hiyo, zipeleke huko, acha dola mbili za juu kwenye kopo lililo karibu na mashine, na umwambie mama aliyekupakulia kwamba umeshiba.